Pembe ya Kaskazini: Tuliyojifunza Tukiwatafutia Watoto wa BMX Mahali pa Kuchezea

Kwa miaka mingi sisi waendesha baiskeli za BMX wa Temeke, Dar es Salaam, tulikuwa tukivuka mji kila Jumapili asubuhi kwenda Posta, kwa sababu siku hiyo ofisi nyingi za katikati ya jiji huwa zimefungwa, magari ni machache, na mbele ya majengo makubwa kuna sakafu laini na ngazi pana ambazo huku kwetu hatunazo. Wakubwa tulikuwa wanane au tisa, wenye umri wa miaka ishirini na ushei, na nyuma yetu walifuata watoto ambao hatukuwaalika lakini pia hatukuwarudisha. Jumapili moja ya mwaka 2017 mlinzi wa jengo moja la ofisi alitukuta tukiruka ngazi zake, akamkamata mtoto wa miaka kumi na miwili aliyechelewa kukimbia, akaichukua baiskeli yake na kuifungia ndani. Nilirudi, nikabishana naye kwa sauti kubwa kuhusu haki ya raia kutumia mji wake. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole: "Kaka, watoto hawa mmewatoa Temeke mpaka hapa. Huko Temeke hakuna pa kuchezea?" Baiskeli ilitolewa Jumatatu, baada ya baba wa mtoto kuacha kibarua chake cha siku nzima na kwenda kuomba radhi kwa kosa lililokuwa langu.

Swali la yule mlinzi ndilo lililotuingiza katika kazi ninayotaka kuieleza hapa, kazi ambayo imetuchukua miaka mingi kuliko tulivyodhani na ambayo bado haijaisha.

Kwa asiyeijua, BMX ni baiskeli fupi yenye magurudumu ya inchi 20, fremu nzito na siti iliyoshushwa chini kabisa, kwa maana mwendeshaji muda mwingi husimama juu ya pedeli. Ilianzia kusini mwa California, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto walipoanza kuendesha baiskeli zao ndogo kwenye njia za vumbi wakiiga mashindano ya pikipiki. Mbio zake ziliingia katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na mchezo wa mitindo, ule wa kupanda rampu na kugeuka hewani, ukaingia katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Hapa Dar es Salaam baiskeli hizi huja na mitumba, zikiwa zimechanganyika na za watoto zenye magurudumu ya ukubwa huohuo, na fundi mwenye jicho huzitenga kwa unene wa mabomba ya fremu na kwa ekseli ya nyuma, ambayo kwenye baiskeli ya mitindo huwa na milimita 14.

Mwaka 2018 tuliamini kwamba habari za Olimpiki zingetosha kumshawishi kiongozi yeyote. Wakati huo ilikuwa imekwishatangazwa kwamba mchezo wa mitindo ungeingia Tokyo, nasi tukachapisha picha za rangi za viwanja vya ng'ambo, tukavaa mashati yaliyopigwa pasi, tukaenda katika ofisi moja ya umma kuomba "uwanja wa BMX". Ofisa aliyetupokea alizitazama picha zote kwa makini, na swali lake lilikuwa moja tu: watoto wangapi wa kata ile wanaendesha baiskeli hizo? Tukatazamana. Mmoja wetu akasema ni wengi. Akauliza wengi ni wangapi, wanakaa mitaa gani, na wangapi ni wasichana. Tulirudi nyumbani na picha zetu, na sikumlaumu hata siku ile, kwa sababu mtu anayegawa kitu kidogo kwa watu wengi ana haki ya kujua anampa nani.

Tukanunua daftari la kaunta. Kwa Jumamosi nane mfululizo mmoja wetu alikaa chini ya mwarobaini ulio kando ya uwanja wa mtaa wetu, akaandika kila mtoto aliyefika na baiskeli au kuja kuomba zamu: jina, umri, mtaa, na kama baiskeli ni yake. Mwishoni tulikuwa na watoto 46 na baiskeli 14. Wasichana walikuwa tisa. Hesabu hiyo ilitushangaza sisi wenyewe, kwa kuwa tulikuwa tumezoea kuwahesabu wenye baiskeli na kutowaona waliokaa kwenye mstari wakisubiri, ilhali wao ndio waliokuwa wengi. Kuanzia siku hiyo sikuwahi tena kuzungumza na ofisi yoyote kuhusu "waendesha BMX wa Temeke"; nilizungumza kuhusu watoto 46, thelathini na wawili kati yao wakiwa hawana baiskeli, wanaotoka mitaa mitatu iliyopakana.

Uwanja ninaoutaja ni eneo la wazi la kawaida, la mchanga, ambalo katika mchoro wa mipango miji limeachwa kwa ajili ya matumizi ya jamii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke peke yake, na anayeishi huku anajua idadi hiyo maana yake ni nini pale nyumba zinapogusana kuta na mtoto hana ua. Machoni petu sisi wenye baiskeli uwanja ule ulionekana mtupu tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, vijana wa mpira wanapoingia. Tulipokwenda kumwona mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mzee aliyekuwa akitufahamu tangu tukiwa watoto, alitupokea shikamoo zetu, akatuambia: "Vijana wangu, mimi sina neno. Lakini msianzie kwangu. Kaeni pale siku saba muone nani anatumia nini, halafu mwende kwa hao."

Tulikaa siku saba. Alfajiri wanapita wanawake wenye ndoo wakikata njia kwenda kwenye bomba. Saa nne mama lishe wawili wanapanga benchi upande wa barabara. Mchana wanafunzi wa madrasa wanakaa kivulini kabla ya kuingia darasani. Jumatano lilikuja gari la mnada wa vyombo. Alhamisi ulitokea msiba katika nyumba ya pili kutoka uwanjani, turubai likasimama siku tatu, na kwa siku hizo tatu mpira wenyewe ulihama bila mtu yeyote kuambiwa ahame. Mahali tulipodhani hapana mwenyewe palikuwa na wenyewe sita au saba, kila mmoja akiujua muda wake na wa mwenzake bila karatasi. Tulizungumza nao mmoja mmoja. Nahodha wa timu ya mpira alitukubalia pembe ya kaskazini, nyuma ya goli, kwa sharti kwamba saa kumi tuwe tumeondoka. Mwenyekiti akatupa ruhusa kwa mdomo. Hatukuomba iandikwe, na jambo hilo lilikuja kutugharimu.

Rampu ya kwanza tuliitengeneza kwa haraka, mteremko wa mbao ulionyooka kama mlango uliolazwa juu ya boksi. Kila aliyeipanda alipata mshtuko pale tairi la mbele lilipogonga ukingo wa chini, na kasi yote aliyoijenga ilipotea hapo. Fundi seremala wa mtaa wetu, anayetengeneza vitanda na makabati, alitutazama siku mbili kisha akaja na kamba na msumari. Alilaza karatasi ya plaiwudi chini, akapigilia msumari pembeni yake, akafunga kamba ya urefu wa mita 1.8, akafunga penseli mwisho wake, akachora tao. Akatuonyesha kwamba tao lile likianza mahali ambapo kamba inasimama wima juu ya ardhi, basi chini kabisa litakuwa limelala sawa na ardhi, na tairi halitajua limeacha mchanga saa ngapi na kuingia kwenye mbao saa ngapi. Tulikata mbavu mbili kwa mchoro huo, zikaishia kimo cha mita 1.2, tukaweka bomba la chuma juu kwenye ukingo. Mzee yule hajawahi kupanda baiskeli ya namna ile maisha yake yote. Siku ya kwanza watoto walipanda na kushuka mpaka saa kumi ilipokaribia, bila sauti ya kugonga.

Kosa letu kubwa tulilifanya baada ya furaha hiyo. Rampu ilikuwa nzito, kwa hiyo tuliiacha uwanjani usiku na mchana. Masika ya mwaka 2019 ilipofika, plaiwudi ilikunywa maji, tabaka zake zikaachana, na parafujo zilizokuwa zimezama zikaanza kuinua vichwa. Nilikiona kimoja Ijumaa, karibu na ukingo wa kushoto, kikiwa kimesimama kama punje ya mtama. Nilijiambia kwamba nitakikaza Jumapili nitakapokuja na bisibisi. Jumamosi msichana wa miaka kumi na mmoja aliteleza akashuka kwa magoti, na parafujo ile ikamchana muundi kutoka chini ya goti kuelekea chini, urefu wa kidole changu cha kati. Tulimbeba mpaka zahanati, akashonwa nyuzi saba. Hakulia mpaka alipomwona mama yake mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mama yule, ambaye anauza vitenge na nilikuwa nikimfahamu kwa sura tu, alikaa kwenye benchi akamlaza mwanawe mapajani, akaniambia bila kupandisha sauti: "Mdogo wangu, watoto huumia, hata mimi nina kovu. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Nani alikuwa na kazi ya kuutazama huo ubao kabla watoto hawajaupanda?" Nilimjibu kweli, kwamba hakukuwa na mtu, na kwamba mimi niliiona parafujo ile siku moja kabla. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba ikiwa tunataka watoto wa watu, basi tuwe na mtu ambaye jina lake linajulikana, na watu wajue wamwendee nani.

Wiki iliyofuata tuliibomoa rampu yote. Tulifanya kikao cha kwanza ambacho wazazi waliketi mbele na sisi nyuma, na kutoka hapo kukawa na zamu ya ukaguzi: kabla ya mtoto yeyote kupanda, mtu mzima aliyeandikwa siku hiyo hupitisha kiganja juu ya mbao yote, hujaribu kila parafujo, hutazama breki na pedeli za kila baiskeli, na kutia sahihi katika daftari lilelile. Helmeti ikawa sharti, hata kama ni tatu tu na zinapokezanwa. Wasichana, ambao kabla ya hapo walikuwa wakipata zamu pale wavulana wanapochoka, walipewa saa yao ya kwanza kila Jumamosi, baada ya madrasa na kabla ya watoto wengine kuanza. Mama wa yule msichana ndiye aliyependekeza mambo mengi kati ya haya. Tulimwomba awe mlezi wa kikundi, akakubali kwa sharti kwamba ufunguo wa stoo utakaa kwake.

Novemba 2019 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti wetu hakuwa miongoni mwa waliorudi. Aliyeingia hakuwa na ubaya wowote nasi. Alituuliza tu ruhusa yetu iko wapi, nasi hatukuwa na hata mstari mmoja wa kumwonyesha. Nahodha wa mpira alikuwa amehamia Mbagala, na mrithi wake hakuwa na habari ya makubaliano. Kazi ya karibu miaka miwili ilikuwa imekaa katika vichwa vya watu wawili, na wote wawili walikuwa wameondoka katika nafasi zao.

Hapo ndipo tulipojifunza kuandika barua. Rasimu ya kwanza ilikuwa na kichwa kirefu chenye maneno "Yah: Ombi la kujengewa uwanja wa kisasa wa BMX". Mtendaji wa mtaa, mama makini anayeipenda kazi yake, aliisoma mbele yetu akatueleza kwamba barua kama hiyo haina mtu anayeweza kuijibu: mtaa haujengi viwanja, kata haina fungu hilo, na halmashauri itauliza ni eneo lipi na nani amelikubali. Alitushauri tuombe kitu ambacho aliye mbele yetu ana mamlaka ya kukitoa. Tuliandika upya: ombi la kutumia pembe ya kaskazini ya uwanja wa wazi kwa michezo ya baiskeli ya watoto, siku mbili kwa wiki, kati ya saa saba na saa kumi jioni, vifaa vyote vikiondolewa baada ya matumizi na siku za msiba. Tuliambatanisha kurasa za daftari na sahihi za mama lishe, timu ya mpira na ustadhi wa madrasa. Ombi hilo lilisomwa katika mkutano wa wakazi wa mtaa, likaulizwa maswali magumu, hasa kuhusu ajali, na likaingia katika muhtasari. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona tulisimamisha kila kitu, lakini muhtasari ulibaki kwenye jalada. Barua ya ruhusa, yenye muhuri, tuliipata mwishoni mwa mwaka huo.

Wakati huohuo tulikuwa tumeanza kwenda kwenye misafara ya UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa Dar es Salaam ambao kwa miaka umekuwa ukidai njia salama za baiskeli katika jiji hili. Nilikwenda nikidhani hatufanani, kwa kuwa wao ni watu wa baiskeli za kazi na sisi ni wa kuruka. Niliwakuta mafundi, wauza samaki na akina mama wanaotaka kufika salama na kurudi salama, na nikaona aibu kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nimepigania sehemu ndogo ya jambo ambalo wenzangu walikuwa wakilipigania lote. Mtoto wetu anayefika uwanjani kwa kupita barabara isiyo na njia ya baiskeli amekwishakuwa hatarini kabla hajaiona rampu.

Kuhusu sakafu: mchanga wa Dar es Salaam hauchukui rampu, huidumbukiza upande mmoja, nasi tulihitaji zege. Tulijua kwamba vijana wa Kitintale, Kampala, walijijengea wenyewe uwanja wa zege wa ubao wa magurudumu miaka ya 2000, na mfano huo ulitupa moyo. Timu ya mpira iliogopa kwamba tukijenga tutakuwa tumeimega pembe ile moja kwa moja, na hofu yao ilikuwa ya haki. Suluhisho lilitoka kwa mama lishe mmoja, aliyeuliza kwa nini sakafu isiwe sawa na ardhi, mpira upite juu yake na viti vya msiba vikae juu yake. Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2021, kwa michango ya wazazi, ya wenye maduka na yetu wenyewe, tulichimba na kumwaga sakafu ya mita 8 kwa 6, unene wa sentimita 10, kwa uwiano wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne. Ilitumia mifuko 31. Tuliigawa vipande vinne ili jua likiipasua ipasuke pale tulipopanga, na kwa siku saba watoto walipokezana kuimwagilia maji asubuhi na jioni, ndoo zikitoka nyumbani kwa mama mlezi. Rampu mpya ina magurudumu chini yake na inalala katika stoo ya ofisi ya mtaa.

Wapo waliotushauri tuchukue mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule unaotengwa kutoka mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya uwanja. Tulikataa, kwa kuwa mkopo ule ni wa biashara na lazima urudi, na uwanja hauuzi kitu. Vijana wanne waliokulia katika kikundi wanafikiria kuuomba kwa ajili ya karakana ya baiskeli, na hilo naliunga mkono.

Uchaguzi wa Novemba 2024 ulituletea mwenyekiti wa tatu. Safari hii tulimpelekea nakala ya barua, muhtasari na daftari, ambalo sasa ni la tano, na mazungumzo yetu hayakuzidi nusu saa. Hata hivyo ruhusa yetu ni ya mwaka mmoja mmoja, na hakuna mahali katika mchoro wa mipango miji panapotaja baiskeli. Ombi tulilonalo sasa ni la kupitia kata mpaka halmashauri, kwamba eneo lile litambuliwe rasmi kuwa la michezo ya watoto, pamoja na mpira na pamoja na misiba, ili asitokee mtu wa kuligeuza kuwa maegesho au fremu za maduka.

Mwezi uliopita, Jumamosi saa nane mchana, tukiwa tumeanza zamu ya pili, tulisikia kilio kutoka nyumba ya upande wa mashariki. Kabla sijasema neno, yule msichana aliyeshonwa nyuzi saba, ambaye sasa ni mkubwa na ndiye aliyekuwa kwenye zamu ya ukaguzi siku hiyo, aliwashusha watoto wote, akashika upande mmoja wa rampu, wavulana wawili wakashika mwingine, wakaisukuma mpaka stoo. Wadogo wakachukua mafagio, wakaufagia mchanga kutoka kwenye sakafu. Wanaume walipofika na turubai, walikuta zege limekwishafagiliwa, wakaanza kupanga viti.